Mabao 15 siku moja: Msimu ulioipandisha Mbao na kuizamisha Geita Gold

Siku ya mwisho ya msimu katika ligi za chini haifanani na siku nyingine yoyote ya soka. Mashabiki wa timu ndogo za Kangundo, Tala au Matuu wanaifahamu vyema. Macho huwa kwenye mpira, masikio huwa kwenye simu, na swali huwa moja tu: huko kwingine ni ngapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo timu itapanda ngazi, na wakati mwingine ndilo linaloamua namna mechi inavyochezwa.

Kwa anayetaka kuelewa jinsi hesabu ya mabao inavyoweza kuuharibu msimu mzima, mfano ulio karibu nasi umetoka kwa majirani zetu wa Tanzania. Mnamo Februari 2016, katika mechi za mwisho za Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliitandika JKT Kanembwa mabao 8-0. Polisi Tabora, iliyokuwa ikifukuzana na Geita Gold kuwania nafasi moja ya kwenda Ligi Kuu, iliichapa JKT Oljoro 7-0. Mabao 15 yalifungwa na wapinzani wawili wa mbio zile zile, wala wapinzani wao hawakupata hata la kufutia machozi. Timu hizo mbili zilimaliza zikiwa sawa kwa alama.

Hakuna kati yake iliyopanda. Iliyopanda ni Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa ikitajwa kabisa katika kivumbi cha siku hiyo.

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kwanza kuitazama ligi yenyewe. Wakati huo Ligi Daraja la Kwanza ya Tanzania, iliyo chini tu ya Ligi Kuu, ilikuwa na timu 24 zilizogawanywa katika makundi matatu ya timu nane. Kila timu ilicheza mechi 14, nyumbani na ugenini, na kinara wa kila kundi peke yake ndiye aliyepanda. Aliyeshika nafasi ya pili hakupata mechi ya mchujo wala fursa nyingine, bali alirudi kuanza upya. Kundi A lilitoa African Lyon na Kundi B likatoa Ruvu Shooting. Kundi C lilikuwa la kanda za magharibi, ziwa na kaskazini: Geita Gold, Polisi Tabora na Rhino Rangers pia ya Tabora, JKT Kanembwa ya Kigoma, Mbao ya Mwanza, Polisi Mara, JKT Oljoro ya Arusha na Panone ya Kilimanjaro. Anayeijua ramani ya nchi hiyo atatambua kwamba kutoka Kigoma hadi Kilimanjaro si safari ya asubuhi na jioni. Timu husafiri kwa basi kutwa nzima na zaidi, hulala katika nyumba za wageni za bei nafuu, hucheza, kisha huanza kurudi. Gharama hizo hubebwa na klabu ambazo mapato yao ya milangoni mara nyingi hayatoshi kulipia mafuta ya basi.

Kwa upande wa pili wa mlango ule mmoja palikuwa na Ligi Kuu, iliyokuwa na mdhamini wa kampuni ya simu na, tangu 2013, mkataba wa matangazo ya televisheni wa Azam. Klabu iliyopanda ilipata mgao wa fedha hizo. Zaidi ya yote, ilipata ziara za Simba na Yanga, ambazo popote zinapokwenda hujaza uwanja hata kama jana yake ulikuwa ukilisha mbuzi. Kwa mji kama Geita, wenye mgodi mkubwa wa dhahabu lakini usiokuwa na jina katika soka ya taifa, kupanda kungekuwa tukio la kihistoria. Kati ya nafasi ya kwanza na ya pili palikuwa na bonde, na upana wa bonde hilo ungeweza kuwa bao moja.

Hapo ndipo tofauti ya mabao inapoingia. Ni hesabu rahisi: chukua mabao ambayo timu imefunga, toa iliyofungwa, kinachobaki ndicho kinachotenganisha timu zenye alama sawa. Lakini haikuwa hivyo tangu zamani. Kwa miongo mingi ligi za Uingereza, ambako desturi zetu nyingi za soka zilitokea, zilitumia uwiano wa mabao, yaani mabao ya kufunga yakigawanywa kwa ya kufungwa. Timu iliyofunga 20 na kufungwa 10 ilipata 2. Iliyofunga 50 na kufungwa 30 ilipata 1.67, ikawekwa chini ingawa ilikuwa imewapa watu burudani mara mbili na nusu. Kwa maneno mengine, kanuni iliwazawadia wanaojificha golini. Kombe la Dunia la 1970 lilitumia tofauti ya mabao badala ya uwiano, na ligi ya Uingereza ikafuata kuanzia msimu wa 1976/77. Nia ilikuwa njema: kuwahimiza washambuliaji.

Walioibuni kanuni hiyo walikuwa wakifikiria timu mbili zinazocheza kwa bidii. Katika siku ya mwisho ya kundi dogo, mara nyingi ni timu moja tu kati ya mbili uwanjani iliyo na jambo la kupigania. Nyingine haiwezi tena kufika kileleni, wachezaji wake wamechoka, na baadhi yao tayari wanafikiria msimu ujao na klabu nyingine. Kufungwa 1-0 au 8-0 kwao ni alama sifuri ile ile. Kwa mpinzani, bao la nane linaweza kuwa na thamani ya msimu mzima. Ikiwa kitu hakina thamani kwa aliye nacho na kina thamani kubwa kwa asiyekuwa nacho, si ajabu soko likazuka.

Wakubwa wa soka walilijua tatizo la siku ya mwisho kitambo. Katika Kombe la Dunia la 1978 Argentina ilihitaji kuishinda Peru kwa mabao manne ili iipiku Brazil na kuingia fainali. Brazil ilikuwa imeshacheza mapema siku hiyo, hivyo wenyeji waliingia uwanjani wakijua hesabu yao, na wakashinda 6-0. Miaka minne baadaye, Juni 25, 1982, katika mji wa Gijón nchini Uhispania, Ujerumani Magharibi na Austria zilijua kwamba ushindi wa Wajerumani wa bao moja au mawili ungezivusha zote mbili na kuitupa nje Algeria. Bao lilipatikana dakika ya 10, kisha mpira ukawa wa kupasiana tu hadi kipenga cha mwisho. Algeria ilikuwa imeishinda Ujerumani 2-1 siku chache zilizotangulia na kuifunga Chile 3-2 jana yake. Waafrika wa rika fulani hawajalisahau hilo hadi leo, na wana haki.

Dawa iliyopatikana ni ile tunayoiona sasa: mechi za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja. Asiyejua matokeo ya mwenzake, ilidhaniwa, hawezi kupiga hesabu. Dawa hiyo ilifanya kazi vizuri enzi za redio na kijana wa baiskeli aliyetumwa kuleta habari. Simu ya mkononi imeidhoofisha. Leo benchi la timu huko Tabora linaweza kujua kinachoendelea katika mechi nyingine kabla mpira haujarudishwa katikati. Kwa hivyo kuanza pamoja hakuwafumbi macho tena washindani, bali kunazigeuza mechi mbili zilizo mbali kuwa mbio moja ya kukimbizana.

Ushahidi wa mbio za namna hiyo upo kwingine barani, tena ukiwa mchafu zaidi. Julai 2013 nchini Nigeria, timu mbili zilikuwa zikiwania kupanda kuingia ngazi ya chini kabisa ya ligi za taifa. Plateau United Feeders iliifunga Akurba 79-0 na Police Machine ikaifunga Bubayaro 67-0. Wakati wa mapumziko ya kwanza ilikuwa 7-0 na ya pili 6-0. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: mabao 72 katika dakika 45 ni zaidi ya bao moja na nusu kila dakika, muda usiotosha hata kuuokota mpira wavuni na kuupeleka katikati. Shirikisho la Nigeria lilizifungia klabu zote nne kwa miaka 10. Julai 2022 nchini Sierra Leone, Kahunla Rangers iliishinda Lumbebu United 95-0 na Gulf FC ikaishinda Koquima Lebanon 91-1. Huko nako nusu za kwanza zilikuwa za kawaida. Matokeo yalifutwa na uchunguzi ukaanzishwa.

Ukilinganisha na hayo, 8-0 na 7-0 za Tanzania zinaonekana za kiungwana. Na hapa ndipo ugumu ulipo. Hakuna sheria ya soka inayokataza kufunga mabao manane. Ujerumani iliifunga Brazil 7-1 kwao nyumbani katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2014, wala hakuna aliyedai kwamba Wabrazil waliuza mechi. Matokeo makubwa kuliko yote yanayokumbukwa, 149-0 ya AS Adema dhidi ya SO l'Emyrne nchini Madagascar mnamo Oktoba 2002, hayakuwa hata ya rushwa: wachezaji wa l'Emyrne walikuwa wakijifunga makusudi kumpinga mwamuzi. Idadi ya mabao peke yake, basi, ni moshi. Wanaohukumu hutakiwa kuutafuta moto: nani alizungumza na nani, fedha zilipita wapi, kipa alifanya nini, mwamuzi alitoa maamuzi gani. Mabaraza ya nidhamu ya michezo hayadai uthibitisho usioacha shaka yoyote, kama mahakama ya jinai. Yanataka kuridhika kwa kiwango kinacholingana na uzito wa tuhuma. Yangedai zaidi, karibu kila mpangaji matokeo angekwenda zake nyumbani.

Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, liliunda hoja zake na kuzifikisha mbele ya kamati yake ya nidhamu. Mapema Aprili 2016 kamati hiyo ilitoa uamuzi uliozigusa klabu zote nne. Geita Gold na Polisi Tabora, zilizokuwa zikiwania kupanda, zilishushwa hadi Daraja la Pili. JKT Oljoro na JKT Kanembwa zilipewa adhabu nzito zaidi, kwa kuteremshwa hadi ligi za mikoa. Watu binafsi waliotiwa hatiani walifungiwa kujihusisha na soka, baadhi yao maisha. Nafasi ya Kundi C ikapewa Mbao, timu ambayo mikono yake haikuwa na doa katika sakata hilo.

Inafaa kulitazama jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana. Kati ya klabu nne zilizoadhibiwa, tatu zilikuwa za vyombo vya dola: moja ya polisi na mbili za Jeshi la Kujenga Taifa. Timu za aina hiyo zimekuwa nguzo ya soka ya Afrika Mashariki, hapa Kenya zikiwemo Ulinzi Stars na Polisi, kwa sababu zina kambi, chakula na mshahara wa uhakika. Ilikuwa ikiaminika kwamba nidhamu ya gwaride ingezikinga dhidi ya maovu ya uraiani. Uamuzi wa 2016 ulionyesha kwamba sare peke yake si kinga.

Kuhusu haki ya adhabu yenyewe, kuna hoja mbili na zote zina uzito. Kuiadhibu klabu ni kumwadhibu pia kijana wa miaka 19 aliyekuwa benchi, ambaye hakujua lolote na ambaye msimu wake ulikuwa tumaini la familia. Anayekuzwa katika soka ya ngazi hiyo ana miaka michache sana ya kuonekana na klabu kubwa, naye akiipoteza harudishiwi na mtu. Lakini kuwaadhibu watu na kuiacha klabu ipande ni kuwaambia viongozi wote kwamba meneja mmoja wa kutolewa kafara anatosha kununua nafasi ya Ligi Kuu. Mwandishi wa makala haya anaona TFF haikuwa na njia nyingine. Kilichokosekana ni mpango wa kuwalinda wachezaji wasio na hatia, kwa mfano kuwaruhusu wahame mara moja bila klabu kudai chochote.

Wakenya hatuna sababu ya kuyatazama haya kama ya jirani tu. Mnamo 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliowahi kuichezea Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo ya mechi za Ligi Kuu, mmoja wao maisha. Zoo FC ya Kericho nayo iliondolewa ligini kwa kosa la aina hiyo hiyo. Hizo ni ngazi za juu, ambako kuna kamera na wachunguzi wa kampuni za kamari wanaofuatilia mienendo ya dau. Chini yake kuna Daraja la Kwanza, la Pili, na ligi za kaunti na kaunti ndogo, zikiwemo zile zinazochezwa na timu za Kangundo kwenye viwanja vya shule na vya umma. Huko mara nyingi hakuna kamera hata moja. Ripoti ya mwamuzi na ya kamishna wa mechi ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki, na kama hao wawili wamenunuliwa, mechi nzima imenunuliwa.

Je, kanuni ingeweza kubadilishwa ili kishawishi kipungue? Njia mojawapo ni kuzitenganisha timu zenye alama sawa kwa matokeo ya mechi zao wenyewe, kama wafanyavyo Wahispania na Waitaliano. Kwa kanuni hiyo, Geita Gold na Polisi Tabora zingekuwa tayari zinajua kabla ya siku ya mwisho nani yuko mbele ya nani, na bao la nane lisingekuwa na thamani kuliko la kwanza. Hata hivyo kanuni hiyo nayo ina kasoro. Aliye nyuma hubaki kumwombea mwenzake ateleze, na anayetaka kununua mechi atanunua kushindwa kwa mpinzani wake badala ya kununua mabao. Njia ya pili ni kupanua mlango. Bonde likipungua upana, wanaotaka kulivuka kwa hila hupungua pia.

Tanzania ilielekea upande huo, japo kwa sababu zake nyingine pia. Msimu wa 2017/18, Ligi Kuu ilipokuwa ikiongezwa kutoka timu 16 hadi 20, kila kundi la Daraja la Kwanza lilipandisha timu mbili badala ya moja. Baadaye makundi yakapunguzwa, na kuanzia 2021/22 daraja hilo likawa ligi moja ya timu 16 inayoitwa Championship, ambamo timu zinazokosa nafasi za moja kwa moja bado zinaweza kupita kwenye mechi za mchujo. Katika ligi ya mechi 30 bao moja la siku ya mwisho lina uzito mdogo kuliko katika kundi la mechi 14.

Geita Gold ilitumia miaka mitano kurudi pale ilipokuwa imefika. Ilipanda Ligi Kuu 2021, na katika msimu wake wa kwanza, 2021/22, ikamaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mshambuliaji wake George Mpole alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Ilishuka tena 2024.

Mbao nayo haikukaa kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Chini ya kocha Mrundi Étienne Ndayiragije, msimu wa 2016/17 iliifunga Yanga 1-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania na kufika fainali, iliyochezwa Dodoma Mei 27, 2017, ambako Simba iliishinda 2-1 katika muda wa ziada. Wiki moja kabla yake, siku ya mwisho ya ligi, African Lyon iliyokuwa imepanda pamoja nayo ilikuwa ikirejea ilikotoka. Mbao, kwenye uwanja wake wa Kirumba, iliifunga Yanga tena 1-0 na kubaki Ligi Kuu, ambako ilidumu hadi 2020. Jioni hiyo Simba ilishinda mechi yake. Yanga na Simba zikamaliza na alama 68 kila moja, na ubingwa wa Tanzania ukaenda kwa Yanga kwa tofauti ya mabao.